Trauti wa Mzee Ndunguru

Siku mliyoniaga ofisini, kijana mmoja wenu aliniuliza, kwa heshima lakini kwa mashaka, kama ni kweli serikali iliwahi kunituma nivue samaki kisha niwarudishe majini. Nikamjibu kuwa ni kweli, tena si mara moja. Mkacheka sana. Kisha mkaniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa zamani, ili maandishi yabaki kwenye lile kabati la idara ambalo mchwa wamekuwa wakilisoma kuliko sisi. Nimeandika. Vyeo na uhamisho nimeviacha, vimo kwenye faili langu kwa anayevitaka. Hapa nitaeleza habari za kijito kimoja, mzee mmoja aliyenifundisha kazi, na kosa langu ambalo hakuna hata mmoja wenu anayelijua.

Kijito sitakitaja jina. Nyinyi mna simu, na jambo likishaingia kwenye simu haliwi tena la kwenu. Itoshe kusema kiko milimani, magharibi ya Songea, mahali ambapo asubuhi ya mwezi wa saba unavaa sweta mbili na bado unatafuta jiko. Upana wake mtu mrefu anauruka bila kukimbia. Miaka mingi kabla sijazaliwa, mzungu mmoja wa misheni alileta huko vifaranga vya trauti, samaki wa maji baridi, kwenye madebe ya maziwa, wakabebwa kichwani siku nzima huku maji yakibadilishwa kila penye chemchemi. Wenyeji wakawaita samaki wa madoa. Mzungu aliondoka, samaki wakabaki, wakazaana wenyewe bila kulishwa na mtu yeyote.

Nilifika kule nikiwa nimetoka chuoni, nimepanda lori lililokuwa likifuata kabichi. Nilikuwa na cheti, buti mpya za kijani, na sweta nyekundu aliyonifumia mama. Niliyepaswa kuripoti kwake hakuwa bosi wangu kwa karatasi. Kwa karatasi, Mzee Ndunguru alikuwa mlinzi wa kijito, kibarua wa halmashauri, na mimi ndiye mtaalamu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akinitazama sweta.

"Vua hiyo," akasema. "Wamekuona tangu ulipovuka daraja."

Nikadhani anazungumzia watu wa kijiji. Alikuwa anazungumzia samaki. Akanilaza kifudifudi juu ya mwamba uliokuwa baridi kama sakafu ya kanisa, akaniambia nitazame maji na nisinyooshe kidole. Nikakaa hivyo hadi karibu adhuhuri. Saa ya kwanza niliona mawe. Saa ya pili jiwe moja likafungua mdomo. Baada ya hapo nikaanza kuwaona wote, kila mmoja na mahali pake, vichwa vimeelekea juu maji yanakotoka, mikia ikichezacheza kidogo. Chuoni tulisoma samaki kwenye ubao na kwenye chupa za dawa. Huo ndio ulikuwa mwanzo wangu wa kusoma.

Zana zake zilikuwa chache. Ufito wa mwanzi mwembamba aliouning'iniza jikoni ukakaushwa na moshi mwaka mzima, kigurudumu cha mshipi alichoachiwa na yule mzungu, koleo dogo, na kopo la kahawa lililojaa nzi wa manyoya. Trauti wa kijitoni hula wadudu, na Mzee alikuwa akiwafunga wadudu hao mwenyewe juu ya ndoana: manyoya ya shingo ya jogoo, ya kanga, na nyuzi za sufu alizochomoa kwenye sweta za shule za wanawe. Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikitoa kumbikumbi, alifunga kumbikumbi. Kiangazi alifunga panzi. Majogoo wa mtaa wake wote walikuwa na shingo tupu, na majirani walishazoea. Jino la ndoana, lile linalozuia isichomoke, alilibana kwa koleo mpaka likalala. Kwa nini? Kwa sababu huyu samaki anarudi kwao, alisema, na hatumpeleki kwa fundi wa midomo.

Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu. Mara mbili kwa mwaka tulipanda kijito kutoka darajani hadi kwenye maporomoko, tukavua kila kidimbwi, tukapima urefu, tukatazama matamvua, yale mashavu mekundu samaki anayopumulia, tukaandika, tukarudisha. Wavu ungekwaruza samaki na kuchafua maji. Nzi mmoja na mkono uliolowa haviumizi kitu. Wanawake waliokuwa wakipita na kuni walisimama kututazama tukiachia kitoweo kilichonona kikaondoka, wakasikitika kwa dhati. Mmoja aliniambia kwamba serikali ina kazi nyingi za ajabu, lakini hii imezidi.

Kule hakuna nafasi ya kurusha mshipi kama mnavyoona kwenye picha. Nyuma yako kuna mianzi, juu yako kuna matawi, na mbele yako kuna kidimbwi kisichozidi meza. Mzee alinifundisha kumwendea samaki kutoka chini, kwa magoti, kivuli changu kikiwa nyuma yangu. Nimshike nzi kwa vidole viwili, nivute uzi mpaka ncha ya ufito ipinde, kisha niachie tu. Nzi anaruka kupita chini ya majani, anatua juu ya jiwe lililolowa, na maji yenyewe yanamchukua. Ukimburuza hata kidogo, samaki anajua, maana hakuna mdudu anayevutwa kwa kamba. Anapopanda kumchukua, usivute papo hapo, wala usisubiri hadi ateme. Ni muda wa kumeza mate.

Nilihitaji wiki tatu kumeza mate sawasawa. Samaki wangu wa kwanza hakufika urefu wa kiganja. Nilipolowesha mikono nikamshika, moyo wake ulikuwa unapiga kwenye vidole vyangu, na madoa yake mekundu yalikuwa yamezungushiwa buluu. Nililia. Mzee akajifanya anatafuta kitu kwenye kopo la kahawa mpaka nikamaliza.

Sasa nije kwenye kosa. Ofisi ilitaka kila kijiji kiwe na bwawa la mfano la perege, na mimi, kwa bidii ya mwajiriwa mpya aliye kwenye majaribio, nikachagua kuchimba letu kando ya kijito, juu ya vidimbwi vinne vilivyokuwa bora kuliko vyote. Mzee alisema perege watakufa kwa baridi. Nikamweleza, kwa upole wa mtu mwenye cheti, kwamba maelekezo ndiyo maelekezo. Tulipomaliza kuchimba, nikamwaga chokaa sakafuni kama tulivyofundishwa, na kwa kuwa udongo wa kule ni mchachu, nikaongeza mara mbili. Kisha nikaingiza maji. Yalitakiwa yatulie wiki mbili bila kutoka.

Siku ya nne Mzee alikwenda msibani kijiji cha jirani, kumzika shemeji yake. Mchana wingu zito likajikusanya. Tuta la bwawa lilikuwa bichi, halijashika, nikaona mvua ile ikinyesha litapasuka na kazi yote itakwenda. Nikavuta ubao wa kutolea maji. Nilijiambia kuwa mvua itakuja kijito kijae, na chokaa ile itakuwa si kitu. Chuoni hakuna aliyewahi kuiita chokaa sumu. Tuliiita dawa ya bwawa. Maji yakatoka meupe, yakaingia kijitoni, na mvua ikaenda kunyesha upande mwingine wa mlima.

Asubuhi yake watoto waliokuwa wakienda shule walikuja kuniita. Vidimbwi vyote vinne vilikuwa vimejaa samaki waliogeuza matumbo juu, wakubwa kwa wadogo. Wengine tuliwafahamu mmoja mmoja, yule mwenye taya lililopinda, yule jike wa chini ya gogo. Sitaeleza zaidi. Nilichofanya ndicho ninachoona aibu kukiandika: sikukumbuka ubao hata kidogo. Nilitafuta mtu. Ukingoni, chini ya shamba la mwanakijiji mmoja, Kapinga, nikakuta beseni lenye majani ya utupa yaliyopondwa. Utupa wenyeji huupanda pembeni ya shamba kufukuza fuko, na majani yake mke wa Kapinga alikuwa akiwaogeshea mbuzi kupe watoke. Lakini kila mtu anajua pia kwamba utupa ukipondwa na kutiwa mtoni huua samaki. Nikasema neno hilo kwa sauti, mbele ya watu. Kufikia saa sita Kapinga alikuwa amekalishwa ofisi ya kijiji, na kanisani, ambako alikuwa katekista, walishamwambia apumzike kwanza.

Mzee alirudi jioni. Aliteremka kijitoni, akaokota samaki mmoja, akamfungua matamvua kwa kidole gumba. Akaniita nitazame. Yalikuwa meupe, yamefunikwa na ute mzito, na macho yalikuwa kama ya samaki aliyechemshwa. Akaniambia kwamba samaki wa utupa hulewa, hupanda juu akitafuta hewa, lakini matamvua yake hubaki na rangi. Huyu ameungua. Kisha akaniuliza nimevuta ubao lini.

Nilimwambia. Nikakaa chini palepale kwenye tope. Nilijua kanuni za kazi: mwajiriwa wa majaribio aliyeharibu kitu cha namna hiyo harudi ofisini kufungasha, anafungashiwa. Baba yangu alikuwa ameshafariki na nyumbani Msamala palikuwa na wadogo zangu wanne. Niliyataja hayo yote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho akiwa bado ameshika samaki.

"Kesho nitasema mimi," akasema. "Wewe kaa. Mlinzi watapata mwingine. Mtu wa ofisini wa kulala juu ya mwamba kutazama samaki, hawatampata."

Kesho yake, kwenye mkutano wa kijiji, alisimama kabla Kapinga hajaulizwa neno. Akavua kofia, akasema ubao aliuvuta yeye, alfajiri, kabla ya kwenda msibani, na utupa hauhusiki. Akaeleza habari za matamvua ili kila mtu aelewe. Huko milimani mzee akishasema "ni mimi" mbele ya mkutano, hakuna wa kumhoji, kwa sababu kumhoji ni kumwita mwongo. Kapinga akaachiwa. Sheria ya kijiji juu ya anayeua kijito ilikuwa moja, ikasomwa: asikanyage ukingo wake tena maisha yake yote. Halmashauri nayo ikamwondoa kwenye ulinzi. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele, na kalamu mkononi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiandika muhtasari.

Yule mtu alikuwa amevua kijito kile tangu ujana wake. Nyumba yake ilikuwa mteremko mmoja tu kutoka majini, na sauti ya maji ilikuwa ikiingia hadi sebuleni. Tangu siku ile maji alichotewa na wajukuu, na njia ya kwenda kanisani akaizungukia mbali, kilomita nzima ya ziada, kwa kuwa njia fupi ilipita ukingoni. Hakuwahi kunung'unika mbele yangu. Aliendelea kufunga nzi, akanipa mimi nikavue.

Miaka miwili ya kwanza nilipita vidimbwi vile vinne na ufito, nikarudi bila kitu. Mwaka wa tatu, mvua zilipoanza, niliachia nzi wa kumbikumbi chini ya lile gogo na maji yakapiga kofi. Samaki walikuwa wameteremka kutoka sehemu ya kijito iliyo juu ya bwawa, mahali ambapo chokaa haikupita. Nilimpima, nikamrudisha, nikakimbia mteremko wote hadi kwa Mzee nikiwa nimelowa mpaka kiunoni. Akataka nimweleze kila kitu. Alikuwa amekaa upande gani wa gogo? Alimchukua nzi kwa haraka, au alimnusa kwanza? Madoa yalikuwa mangapi nyuma ya mapezi? Nilijibu, na alifumba macho wakati nikijibu. Nilifurahi siku ile. Nilijiona nimemlipa kitu.

Nilihamishiwa Namtumbo baadaye, kisha nikarudishwa mjini, na ninyi mnanifahamu kuanzia hapo. Mlinipa jina la Mama Chokaa mkidhani sijui. Ni kweli niliwasumbua. Nilikataa bwawa lolote linalotoa maji yake kwenye kijito chenye samaki. Niliwatuma wakulima wapime maji kwa kuweka vifaranga watatu wa samaki ndani ya ndoo ya maji hayo kabla ya kufungua ubao. Nilimrudisha mmoja wenu kutoka Tunduru, safari ya kutwa nzima, kwa sababu alikuwa amesahau kuandika tarehe ya kumwaga chokaa. Mlidhani ni ukali wa kuzaliwa nao. Sasa mnajua ulikotoka.

Na kila mwaka, popote nilipokuwa, nilipanda mlimani mara mbili kuhesabu. Kila mara nilifikia kwa Mzee, nikanywa chai, nikachukua nzi wapya, nikarudi jioni kumsimulia. Mwanzoni nilinyamaza kwa hofu. Hofu ilipoisha, kunyamaza kukawa desturi. Niliwahi kupewa cheti cha mtumishi bora, kikining'inia ukutani nikawa nakaa kiti kinachokipa mgongo. Nilijiambia kuwa Mzee alichagua mwenyewe, na kwamba kuusema ukweli kungekuwa kuitupa zawadi yake usoni. Nilikuwa na maneno mengi mazuri kama hayo. Miaka tisa iliyopita alifariki, wakamzika upande wa juu wa kijiji, mbali na maji. Nilikwenda na shada la maua na sikusema kitu.

Mwezi uliopita, siku ya tatu tangu nistaafu, nilimpigia mwenyekiti wa kijiji nikaomba nafasi kwenye mkutano wao. Nilisimama mbele ya watu, wengi wao hawakuwa wamezaliwa, nikasema jina la Mzee na nikasema kwamba ubao niliuvuta mimi, mchana, yeye akiwa msibani. Nilisema pia kwamba Kapinga nilimsingizia. Kapinga alikuwepo, mzee sasa, amekaa na mkewe Mama Skola. Nilitegemea kelele, au angalau minong'ono, lakini watu waligeuka tu kuwatazama wale wawili.

Mama Skola ndiye aliyesimama, taratibu, akishika bega la mumewe.

"Nilikuona, mwanangu," akasema. "Nilikuwa ng'ambo nafua. Nilikuona na buti zako za kijani ukivuta ule ubao, jua liko hapa." Akaonyesha juu kidogo ya paa la ofisi. "Mzee alitukuta ofisi ya kijiji usiku wa kuamkia mkutano, nimempelekea mume wangu chakula, akatupigia magoti. Akasema tunyamaze mwaka mmoja tu. Akasema, huyu binti akishathibitishwa kazini atakuja mwenyewe kusema. Mume wangu akakubali, na mimi nikakubali. Taratibu kijiji chote kikajua, lakini nani amwite Mzee mwongo? Basi, tukawa tunakungoja."

Akakaa. Mwenyekiti alitaka kusema jambo la kutuliza, nikamwomba asiseme.

Miaka yote nimeamini kwamba Mzee alinifunika moja kwa moja. Alikuwa ameniazima muda tu. Kijiji kizima kilikuwa kikiniamkia, kikinipa mahindi ya kuchoma na kunibebea ufito, huku kikijua, na kikisubiri neno moja kutoka kwangu ili mzee wao arudi kijitoni.

Barua ya kuthibitishwa kazini ilinifikia mjini, mwezi wa saba uliofuata baada ya chokaa ile. Nilipanda nayo mlimani siku hiyohiyo, kwa sababu nilitaka Mzee awe wa kwanza kuiona. Alifuta mikono kwenye suruali, akaisoma yote taratibu mpaka kwenye muhuri, akaikunja, akanirudishia. Akaniuliza, "Sasa, mwanangu, una neno la kusema?"

Nikamwambia, "Asante, Mzee."

Akatikisa kichwa kuitikia, akainama, akaendelea kufunga nzi.